Sare za Watoto Wawili

Bwana asifiwe. Mara moja inatosha, kaeni. Nimepewa dakika kumi nizungumze juu ya kungoja, na kungoja mimi nakujua sana, kwa hiyo sitahitaji hata kufungua karatasi.

Palikuwa na mume na mke, nguzo za kanisa lao. Mume mzee wa kanisa, mke kiongozi wa kwaya. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, nyumba ya vyumba vinne, na mlangoni hakuna hata kiatu kimoja kidogo. Walikuwa wameombewa mpaka waombaji wakaishiwa maneno. Ndipo akaja nabii mgeni, wale wa mkutano wa siku tatu, akafumba macho akasema: watoto wenu nawaona, ni wawili, wako kusini, ng'ambo ya mpaka.

Sasa, nyuma ya soko la mji wao kulikuwa na nyumba ya watoto yatima. Watoto arobaini. Ukikaa karibu na dirisha la kanisa, nguo zao unaziona zimeanikwa ukutani. Lakini nabii amesema kusini. And seriously, nani atapanda madhabahuni kushuhudia kwamba Mungu alimtuma nyuma ya soko?

Komiti ikaundwa. Mnatujua sisi, jambo halijawa, komiti imeshakaa. Ikapanga Jumapili ya ibada ya shukrani, ikamwalika askofu, na tarehe ya askofu, you know, haisogezwi hata kwa mafuriko. Kikachaguliwa kitenge cha sare, cha zambarau chenye ndege wa manjano. Kwaya nzima ikashona. Fundi akaambiwa ashone pia gauni dogo na shati dogo, kwa kukisia tu. Watoto hawajaonekana, sare zao ziko tayari. Hata majina wamekwisha kupewa, kwa kura, baada ya ibada ya pili.

Wakasafiri kwa basi siku mbili, mpaka kule ambako Kiswahili kinafika kimechoka. Mchungaji mmoja wa huko akawapeleka kwenye makao ya watoto, wakaonyeshwa ndugu wawili: Mwiza, msichana wa miaka sita, na Wongani, mdogo wake wa miaka mitatu, ambaye hakwenda popote bila kushika gauni la dada yake. Yule mke alipowaona, alikaa chini kwenye vumbi akalia. Hapo hakuwa akiigiza, tumtendee haki. Mvulana akaliachia gauni la dada yake, akasogea, akaichezea pete ya yule mama, kisha akajipakata mwenyewe mapajani pake.

Sasa niambieni, mlitaka ishara gani nyingine?

Mlezi mkuu alikuwa mama mtu mzima, amekuja moja kwa moja kutoka jikoni. Akawaeleza sheria ya kwao. Hakimu hasaini mpaka mzazi akae na mtoto siku tisini. Si lazima wote wawili, mmoja anatosha. Unakuja kila siku, unamwogesha, unamlisha, anakukataa, anakuzoea. Chumba cha wageni kipo, kitanda kimetandikwa.

Mume akatoa simu, akatazama kalenda.

"Mama, sisi Jumapili tuna ibada ya shukrani."

"Ya kushukuru nini?"

"Hawa watoto."

Mlezi akawatazama watoto, akamtazama yeye. Akasema basi mke abaki. Mume akaeleza kwamba mke ndiye anayeongoza kwaya, na wimbo wa shukrani sauti ya kwanza ni yake. Akaeleza habari za hema, na matawi manane ya kanisa yatakayokuja, na askofu. Akauliza kama barua ya mchungaji haiwezi kusimama badala ya hizo siku. Mlezi akamjibu kwamba hajawahi kuona barua ikiogesha mtoto.

"Mmemwomba Mungu miaka kumi na mmoja," akasema, "mnashindwa kumpa siku tisini?"

Wakasema wanakwenda kuliombea. Wapendwa, tusidanganyane, sisi tukitaka kukataa jambo kwa heshima, tunakwenda kuliombea. Walipotoka kwenye maombi hayo walikuwa na amani kubwa: watahudhuria shukrani, kisha watarudi mara moja.

Kabla ya kuondoka wakawavisha wale watoto zambarau na ndege wa manjano, wakapiga picha. Kisha, nisikilizeni hapa, wakawavua. Nguo zisije zikachafuka kabla ya siku yake! Wongani akashikilia kifungo cha shati. Mama wa kwaya akamfungua vidole, kimoja kimoja, kwa upole kabisa, akamwambia Mwiza asihofu, mama anarudi Jumatatu.

Jumapili ilifana. Picha zikarushwa ukutani kwa projekta, watu wakatoa machozi. Mbele kukawekwa viti viwili vidogo, gauni kwenye kimoja, shati kwenye kingine, na askofu akaviwekea mikono, akavibariki. Viti, jamani. Watu wazima wenye akili zao walifunga macho wakaombea viti.

Jumatatu komiti ilikaa kujipongeza. Wiki iliyofuata kulikuwa na kongamano la akina mama. Kisha Kwaresima, kisha Pasaka, kisha semina ya wanandoa, ambapo hawa wawili ndio waliokuwa wakifundisha. By the way, watoto walitajwa katika kila ombi, wala hakuna aliyewasahau. Ikapita miezi minane ndipo wakapanda basi.

Mlezi aliwapokea langoni, akawapa maji ya kunywa. Wakauliza watoto wao wako wapi. Akawaambia wako kwao, kwa mwanamke anayeuza mkaa hapo ng'ambo ya barabara. Mwanamke mwenyewe, hakuwa wa dhehebu lolote ambalo yule mume angelitambua. Mwiza alikuwa akikaa kwenye ngazi ya lango kila Jumatatu, kwa sababu hakuambiwa ni Jumatatu ipi, basi akazikaa zote. Yule mwanamke akamwona Jumatatu ya kwanza. Ya nne akavuka barabara kuuliza.

"Alikuja siku zote tisini," mlezi akasema. "Siku moja mvua ilimchelewesha, akawaomba msamaha. Si mimi, watoto."

"Lakini sisi tuliwaombea kila siku," mke akasema.

"Najua, mwanangu. Na wao walikuulizia kila siku."

Yule mke akafungua mkoba. Zile nguo alikuwa nazo, zimefuliwa, zimepigwa pasi. Akaomba angalau wapelekewe. Mlezi akalinyoosha shati mbele ya uso wake, akalikunja tena, akamrudishia.

"Huyu wa shati hili hayupo," akasema. "Amekua."

Naona mnatikisa vichwa. Mnamsikitikia yule mke, mnamlaumu mumewe, na nabii mmeshamtafutia jina. Subirini kwanza.

Sisi hapa tumebariki viti vingapi? Kuna mjane wa safu ya tatu tunamtaja kila Jumatano, nani anajua jiko lake linakaa wapi? Lile benchi la nyuma lililojaa digrii, mmelinyooshea mikono mara tatu mwaka huu mkiomba kazi. Asante. Lakini katika ninyi wenye ofisi, ni nani alifumbua macho baada ya Amina akamuuliza kijana mmoja, wewe kwani ulisomea nini? Tunapenda kumkabidhi Mungu yale mambo yanayotaka sisi tukae nayo. Tukishamkabidhi tunashona sare.

Mzee, wewe uliye karibu na dirisha la kushoto, tafadhali lifungue. Lote. Hizo nguo ndogo zilizoanikwa nyuma ya soko letu, ni za nani?

Sitaki Amina. Kesho ni Jumatatu.