Kwa Nini Mkandaji Haamkii Mgongo

Nyie mnaosema yule mkandaji hana adabu, sogeeni hapa. Najua lililowaudhi. Mmelala kifudifudi, shuka kiunoni, yeye kaingia kimya kama paka, kashika mgongo, hata "hujambo" hakuna. Nanyi mkabaki mnatazama mkeka, hamjui mseme nini. Msimlaumu. Jambo lile lina asili yake, nami niliipata kwa bibi yangu, aliyekuwa mkandaji.

Zamani hizo, katika mji wa Mwambani, salamu ilitangulia kila kitu. Nyumba ikiungua, jirani mwenye ndoo ya maji alipiga hodi kwanza, akaulizia hali ya watoto, ndipo akamwaga maji. Na mkubwa hakuitikia salamu akiwa amelala. Aliinuka, akaketi, akajitanda kanga, ndipo akasema marahaba. Asiyeinuka ni maiti, walisema. Nyumba kadhaa ziliteketea, lakini watu hawakuona sababu ya kubadili.

Mize aliolewa mji huo na Makame, mwana wa pekee wa Bi Mwanatumu. Kukanda alifundishwa na mama yake, na hapo Mwambani hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi hiyo. Lakini Mize alikuwa mke wa pili. Wa kwanza alirudishwa kwao kwa sababu alimpita mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, kisimani bila kumwamkia. Hilo Mize aliambiwa kabla hata hajaonyeshwa jiko.

Basi Bi Mwanatumu akateleza kisimani, ndoo kichwani. Mgongo ukakaza kama ubao. Kula alilishwa, haja alibebwa, na yeye aliyezoea kupita sokoni kichwa juu akawa anageuzia uso ukutani. Makame akamwambia mkewe, "Mama yuko mikononi mwako. Fanya unalolijua."

Mize akapasha mafuta ya nazi, akaenda mlangoni, akapiga hodi, akapiga goti. "Shikamoo, mama." Sasa Bi Mwanatumu, mgongo wazi mbele ya mke wa mwanawe, afanyeje? Akajikongoja, anapapasa kanga, anauma meno, mpaka akaketi. "Marahaba, mwanangu." Mgongo ukawa umeshakaza upya. Mize akakanda, ukalegea kidogo. Akatoka kufuata maji ya moto, akarudi, na Mwambani kuingia upya ni salamu upya. Mama mtu akainuka tena. Ikawa hivyo siku hadi siku. Mkono ukijenga, salamu inabomoa.

Mize aliliona hilo, likamnyima raha. Akiendelea kuamkia, mama hatatembea tena. Akinyamaza, atafungishwa virago kama mwenzake. Naye alimpenda Makame, niwaambie ukweli, na yule mama mkali alikuwa ameanza kumpenda pia. Huwezi kumkanda mtu visigino kila siku ukabaki humpendi.

Asubuhi moja alivua ndara nje, akaingia bila hodi. Akamfunika mama kanga kila mahali isipokuwa kiuno, akaweka mikono. Akausikia mgongo umeshtuka chini ya viganja vyake, unangoja salamu. Salamu haikuja. Mize alikanda huku machozi yakimtoka. Alipogusa penye maumivu mama aliguna, naye akapunguza mkono. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote. Mwisho Bi Mwanatumu akashusha pumzi ndefu, na mgongo ukaachia.

Mize akatoka, akakaa barazani akiwaza atakavyofunga mizigo yake. Kisha akasikia kitanda kinalia, na nyayo sakafuni. Akaenda mlangoni.

"Hodi."

"Karibu." Bi Mwanatumu alikuwa ameketi wima, amejitanda vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Sijakuona leo." Akanyoosha pindo la kanga. "Kuna mtu alikuja kunikanda. Sikumwona uso. Ukikutana naye mwambie nimeshukuru, na kesho aje vile vile."

Mize akasema atamwambia.

Majirani walipouliza nani aliyemponya, Bi Mwanatumu aliwajibu kuwa ni mgeni fulani, hamjui jina, lakini ana adabu kuliko watu wote wa Mwambani.

Na tangu siku hiyo mkandaji haamkii mgongo. Hukufunika, hukanda, hutoka nje uvae, kisha hurudi kukuuliza hali kana kwamba ndiyo kwanza mnaonana. Nawe usianze kuomba radhi kwa tumbo lililonguruma au miguno iliyokutoka; aliyekuwa amelala pale, yeye hamjui. Kwa hiyo mkilala tena na mtu akaingia kimya, tulieni. Salamu yenu ipo, inawangoja mlangoni mpaka mvae nguo.