Chumvi ya Fisi na Masikio ya Tembo

Hapo zamani za kale, wakati fisi bado hajajua kucheka, palikuwa na nchi mbili zinazopakana. Bondeni alitawala Fisi, mlimani alitawala Tembo. Anayebisha akamuulize mwingine. Tunaoijua hadithi hii tumebaki wachache!

Basi, Fisi alikizungushia miiba kisima cha nchi nzima, akasema ni cha ukoo wake. Mama Digidigi akauliza, "Mfalme, na sisi tunywe nini?"

Swali moja tu! Akakamatwa, akatupwa ghalani, pu! Kufuli, ka! Ufunguo Fisi akautundika shingoni. Watoto wake wawili wakakimbia, wakavuka mpaka, wakaingia pangoni kwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe.

Pimbi akaenda mbio kwa Tembo. "Babu! Digidigi anakufa kwa kiu ghalani!"

"Shh! Mjukuu wangu, keshokutwa nakwenda karamuni kwa Fisi kutia sahihi mkataba wa kuniletea chumvi. Ya uani kwa Fisi mwachie Fisi."

"Kwani koo la Digidigi nalo ni la Fisi?"

"Nimesema sisikii!"

Hasikii! Na masikio yote yale, mapana kama mikeka ya kuanikia mpunga! Ya nini sasa, watoto? Ya kupepea nzi?

Siku ya karamu, Pimbi akajipenyeza kwenye msafara wa Tembo. Huko bondeni ngoma zilipigwa ndi! ndi! ndi! kwa nguvu zote, maana ghalani kuna mtu alikuwa analia. Tembo akalamba donge lake la chumvi, akatazama mawingu.

Sasa jueni: pimbi na fisi ni watani tangu mababu. Mtani atakutukana, atakunyang'anya kofia, nawe kazi yako ni kucheka. Ukinuna, siku ukifa watani hawakuziki. Na nani ajuaye kuliko Fisi maiti isiyozikwa huliwa na nani?

Pimbi akaruka, ruu! mpaka mapajani kwa Fisi. "Mtani wangu, mla mizoga! Funga mdomo, chumvi ya wageni itaoza!"

Wageni, kwa! kwa! kwa!

"Leo mfalme ni mimi. Lete kofia!" Akaivaa. "Lete na ufunguo!" Akaunyakua shingoni mwa Fisi.

"Wewe! Huo uache!"

"Jamani, mtani wangu kanuna! Nani atamzika huyu?"

Ngoma zikanyamaza. Macho yote kwa Fisi. Akakenua meno. "Nani kanuna? Nacheka... he... hehe."

"Cheka vizuri, bwana!"

"Hii-hii-hiiii!"

Naye Pimbi keshafika ghalani. Kacha! Mama Digidigi akatoka kwa magoti, midomo imepasuka, jua likimchoma macho.

"Babu Tembo," Pimbi akasema, "huyu ndiye uliyekuwa humsikii. Haya, endelea kulamba."

Donge la chumvi likamdondoka Tembo mdomoni. Akamwinua Digidigi kwa mkonga, akamweka mgongoni, akaikanyaga miiba ya kisima, kwacha kwacha, mpaka ikawa unga. Mkataba akauacha pale pale chini, haujatiwa sahihi. Na Fisi? Aliogopa kununa. Alibaki anacheka, na mpaka leo anacheka, wala hakuna kinachomfurahisha.

Jirani anayeziba masikio kwa ajili ya chumvi, naye kashika ufunguo wa ghala.