Kwani Mgeni Naye Anaumwa?

Ndugu zangu, palikuwa na mfinyanzi mmoja, mwanamke hodari wa mikono na mdomo pia. Hospitali ilimwomba atengeneze bustani nyuma ya wodi ya watoto. Kabla hajashika jembe, alijilaza kwenye kitanda cha magurudumu, akamwambia nesi amsukume huku na huku, apate kujua mtoto aliyelala chali anaona nini. Aliona dari na mabomba, basi. Kwa hiyo akajenga kwa kipimo hicho. Ndege wa udongo aliwaning'iniza juu, mchaichai na mrehani akaiotesha usawa wa kitanda, mtoto akinyoosha mkono apate harufu isiyo ya dawa. Binti mmoja wa miaka tisa, mgonjwa wa moyo aliyelazwa tangu masika, alifinyanga kobe wa kuwekwa bustanini, palepale kitandani kwake. Mfinyanzi akamwahidi kwamba bustani ikikamilika, yeye ndiye atakayeingia wa kwanza kumpapasa kobe wake.

Bustani ikakamilika, na mlangoni ukafungwa utepe mwekundu. Tunajijua, hakuna jambo letu linaloanza bila mgeni rasmi. Mgeni akasema atakuja Ijumaa. Ijumaa ikafika, akapata safari. Akasema Ijumaa ijayo, nayo akapata kikao. Wiki ya tano watoto walikuwa bado wamebandika pua kwenye vioo vya dirisha, wanatazama maua yanavyomwagiliwa.

Jumapili moja mfinyanzi alimkuta binti anafungashiwa nguo. Kesho yake angepelekwa hospitali kubwa kupasuliwa, na madaktari hawakumficha mama yake kwamba huenda asirudi. Mtoto akauliza habari za kobe. Mfinyanzi akamweleza, kwa aibu, kwamba bustani inamngoja mgeni.

"Kwani mgeni naye anaumwa?" mtoto akauliza.

Mnalisikia swali hilo? Mnalo jibu? Mfinyanzi alikwenda na swali hilo kwa mganga mkuu, akaambiwa utaratibu ni utaratibu. Akarudi wodini amefura, akamwomba nesi mkasi wa kukatia bendeji, akakisukuma mwenyewe kitanda cha binti hadi mlangoni, saa nane mchana, watu waliokuja kuona wagonjwa wakitazama. Akamkabidhi mtoto mkasi. Utepe ukaanguka, na wenzake wakaingia nyuma yake, wenye plasta miguuni na wenye dripu mkononi, wakagusa kila kitu.

Mganga mkuu akaja mbio, akitaka kujua ni nani aliyetoa ruhusa, na mgeni rasmi sasa ataambiwa nini.

"Mwambie mgeni rasmi alishafika," mfinyanzi akamjibu. "Ndiye huyu anayempapasa kobe. Wewe ndiye uliyechelewa kumpokea."

Kwa kosa hilo jina la mfinyanzi lilifutwa kwenye jiwe la uzinduzi. Alipopata habari alisema walifute vizuri, isibaki hata herufi moja.

Naona mnataka kuniuliza kama yule mtoto alirudi. Siwaambii. Nikisema alirudi, mtasema si angengoja tu. Nikisema hakurudi, mtajifuta machozi, kisha mtakwenda nyumbani kula. Alirudi au hakurudi, Jumapili ile ilikuwa yake, na kuna watu walitaka kumnyima.

Watu hao ni sisi. Lile darasa la watoto tulilojenga kwa harambee hapo nyuma ya kanisa limepakwa rangi tangu Pasaka. Madawati yamo ndani, bado yamevikwa nailoni. Tunamngoja askofu akate utepe, na hivi ninavyosema, watoto wetu wanafundishwa neno la Mungu juani, wamekalia matofali. Askofu nampenda. Akikasirika, atanikuta mimi hapa na nitajibu.

Mzee wetu unayetunza ufunguo, nakuona hapo benchi la tatu. Usingoje wimbo wa mwisho. Inuka sasa hivi, ukafungue.