Jiwe la Zambarau la Nakunda

Upareni, tajiri Mfinanga alikuwa amempokonya mjane Nakunda shamba. Aliposikia mjane ana jiwe la thamani la rangi ya zambarau, akalitaka nalo.

"Chukua tu, mzee," alisema Nakunda. "Anayelishika halewi."

Jioni, kilabuni, Mfinanga alilishika jiwe, akabugia pombe ya miwa huku akijigamba kwamba yeye halewi tena. Nakunda akamwomba shamba lake, naye akamrudishia mbele ya wanywaji wote.

Asubuhi Mfinanga akamruka. "Nilikuwa nimelewa."

"Basi jiwe halifai, mzee. Nirudishie."

Mfinanga akalifumbata. "Sikulewa hata kidogo."

"Basi shamba ni langu."

Tajiri akaondoka na jiwe lake. Nakunda akabeba jembe, akaenda shambani kuchimba mengine palepale alipolitoa lile.