Mipira Miwili ya Shimo la Mwisho

Murdo Geddes hakuwa na cheti cha shule, kwa kuwa alianza kupanda mapaa akiwa na miaka kumi na minne. Hakuwa na gari, wala mke tangu Elspeth afariki, wala fimbo za gofu zilizonunuliwa mpya. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakuwa nacho pia. Kiliishia kwenye paa la kanisa. Lakini lililomkera zaidi ni kwamba katika miaka thelathini na minane ya kucheza gofu katika klabu ya Portnairn, hakuwa na kombe hata moja.

Alichokuwa nacho ni jina. Alikuwa amekisoma kitabu cha kanuni jioni baada ya jioni mpaka kurasa zikalainika kama kitambaa, na kila Jumanne msimu wa baridi aliwafundisha wanachama wapya wa klabu. Yeye fundi wa mapaa, madaktari walimwita Mwalimu. Waliobishana uwanjani walisema, "Tukamuulize Murdo," na Murdo akishasema, ubishi umekwisha.

Mwezi wa Septemba akafika fainali ya kombe la klabu. Mpinzani wake alikuwa Ranald Meikle, muuza nyama, mtu wa mizaha. Walifika shimo la mwisho wakiwa sawa. Ranald akatangulia kupiga, mpira wake ukafukiwa mchangani. Murdo akapiga wake, upepo ukaubeba hadi kwenye vichaka vya miiba.

"Lo! Umewapelekea sungura zawadi," Ranald alimtania.

"Cheka tu, bwana. Napiga mpira wa muda," Murdo alitangaza, kama kanuni inavyotaka. Ule wa kwanza ukipotea, huu wa pili ndio ungehesabiwa, pamoja na adhabu ya pigo moja.

Mpira wa pili ulipaa, ukadunda mara mbili, ukatulia shibiri moja tu kutoka shimoni. Watu waliosimama mbele ya klabu wakapiga makofi.

Wakaenda kuutafuta wa kwanza. Kanuni hutoa dakika tatu. Katika dakika ya pili Murdo aliinama, na hapo, kwenye shina la mwiba, akauona. Ulikuwa na nukta mbili za kijani alizozichora mwenyewe. Hata mtoto angejua kwamba hauchezeki. Na kanuni aliijua kama jina la mama yake: mpira wako ukishauona, ndio huo huo. Angeutangaza kuwa hauchezeki, angeongezewa pigo moja, kisha ama audondoshe karibu, katikati ya miiba, ama arudi alikoanzia. Lile pigo zuri la mpira wa muda lingefutika kana kwamba halikupigwa.

"Vipi huko, mzee?" Ranald aliita. Mikono yake ilikuwa imechanika kwa kumtafutia mwenzake mpira.

Murdo aliinuka kutoka mwibani. "Hakuna kitu."

"Basi muda umekwisha. Pole, bwana. Ingawa mwenye kupewa pole ni mimi, maana ule wa pili umenimaliza!"

Ranald alihangaika mchangani, akamaliza kwa mapigo matano. Murdo akamaliza kwa manne. Wa kwanza kumkumbatia bingwa alikuwa Ranald, na damu yake ikaacha alama kwenye koti la Murdo.

Jumanne ya kwanza ya Oktoba darasa lilijaa. Kombe liling'aa katika kabati la vioo. Una Laidlaw, mkunga aliyehamia mjini karibuni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nina swali la kijinga. Mpira wangu wa muda umetua pazuri. Ule wa kwanza nimeuona mwibani. Je, nikijifanya sijauona?"

"Haa! Hujanunua hata fimbo, ushaanza wizi?" Ranald alidakia kutoka nyuma, kikombe cha chai mkononi.

"Nauliza tu. Nani atajua?"

"Murdo atajua! Huyu hafichwi kitu."

Darasa likaangua kicheko. Murdo hakucheka. Uso ulimsawijika.

"Haifai," alisema. "Ukishauona, ni wako." Kisha akafunga kitabu na kuwaaga kabla ya muda kwisha.

Asubuhi yake aliiandikia kamati ya klabu. Mwanzoni aliandika, "Sikuwa na hakika." Akalitazama neno hilo, akalikata, akachukua karatasi nyingine. "Niliuona mpira wangu nikasema sikuuona. Kombe ni la Ranald Meikle, naye mwambieni hivyo mbele ya watu. Kuhusu darasa la Jumanne, amueni ninyi kama bado nafaa." Akatia sahihi jina lake kamili, akaulamba ukingo wa bahasha na kuifunga, akatoka mvuani hadi kwenye sanduku jekundu la posta. Akaiachia ndani. Alitaka kombe, na alitaka jina, vyote kwa pamoja. Kweli mshika mawili, moja humponyoka.