Nguzo Iliyozimwa

Kuna mama mmoja, wapendwa, mchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Msiniulize wa mtaa gani, mtaanza kumtafuta badala ya kunisikiliza. Programu yake ya kuchorea ilikuwa ya bei mbaya, ya kulipia kila mwaka, na mwaka huo ada ikamshinda. Akanunua nyingine ya bei ya chini. Aliambiwa kazi ni ileile.

Asubuhi akafungua ramani ya nyumba ya ghorofa ya mzee mmoja mstaafu. Mafundi walishamaliza kuta za chini, yeye alitaka kuchapa nakala tu. Lo! Vyoo viwili vimepandana. Ngazi moja inapandia huku, nyingine kule. Mlango umeingia ndani ya kabati. Na katikati ya sebule, nguzo!

Mama wa watu akachanganyikiwa. Akazima kompyuta, akawasha. Vilevile. Akafuta miwani. Vilevile. Hii nyumba ya nani? Kaichora nani? Akaapa atakopa arudie programu yake ya zamani, kisha akampigia aliyemuuzia hii mpya.

"Kaka, programu yenu inazua mambo! Imemwekea mteja wangu nguzo sebuleni!"

"Pole, dada. Programu haizui kitu. Inafungua kilichomo."

"Mbona ya zamani haikuwa hivi?"

"Ya zamani uliiambia ifiche. Hii hujaiambia bado."

Mnanielewa? Ramani ya kompyuta ni tabaka juu ya tabaka, na tabaka usilolitaka unalizima. Lipo, ila halionekani. Kila mteja alipobadili mawazo, mama huyu hakufuta, alizima. Kufuta kuna kazi, naye alikuwa na haraka.

Haya, vyoo akavikumbuka, na ngazi pia. Lakini nguzo? Akaikodolea macho, haelewi. Halafu ikamjia. Mzee alitaka sebule pana, akang'ang'ania, naye akaizima nguzo ili mzee afurahi. Akajiambia, nitaweka nyingine pembeni. Hakuweka. Na juu ya sebule ile ndipo wangelala mzee na wajukuu zake.

Akashika simu.

"Fundi, mmefika wapi?"

"Tunakoroga zege la sakafu ya juu, mama."

"Simamisha! Asimwage mtu hata ndoo moja!"

Sasa tuje kwetu sisi. Yale tuliyoyafanya, tumeyafuta au tumeyazima? Ulimdhulumu ndugu yako shamba, ukahama mji. Ulimkataa mtoto, ukabadili namba ya simu. Tunasema yameisha. Yameishia wapi? Na akitokea mtu akatuonyesha, awe mke, awe jirani, tunamwita mchonganishi, tunawatamani wale marafiki wa zamani waliokuwa wakitufichia. Niambieni, ni ramani ipi iliyomwokoa yule mzee: ile safi aliyoizoea mama, au hii chafu aliyokuwa anailaani?

Tunakuja hapa tunaimba, tumependeza, na Mungu anatuona na matabaka yetu yote yamewashwa.

Mimi siijui nguzo yako. Wewe unaijua, na kuna watu wanaolala juu yake. Mashine inazunguka, wapendwa, lakini zege halijamwagwa. Ukitoka kwenye mlango ule, kabla hujasalimiana na mtu, piga simu.