Jina la Mtoto wa Nasra

Hapo zamani, si zamani ya majini bali zamani ya juzi tu, palikuwa na nyumba ya ghorofa mjini Tanga, yenye vyumba vingi kuliko watu. Waifai ilikuwamo, lakini kwa tabia za mgeni mwenye kiburi: ilikaa chini ukumbini, haikupanda ngazi. Na huko juu ndiko alikoishi Bi Kibibi, mjane mwenye nyumba, ambaye magoti yake yalishakataa kushuka.

Binti yake Nasra akajifungua ughaibuni. Siku hiyo Bi Kibibi alipigiwa simu ya video, akaona pembe ya shuka na kidole gumba cha nesi, picha ikaganda papo hapo. Alikitazama kile kidole mpaka simu ikazimika. Ndipo akatamka mbele ya watu wake: "Siku ya akika, mtoto akinyolewa nywele, jina ni langu kulitoa. Lakini atakayeniwezesha kumwona mjukuu wangu uso, uso unaocheza, haki hiyo nampa yeye."

Alisema kwa uchungu, maana jina alikuwa nalo moyoni tangu mimba ikiwa changa.

Hamza, mwanawe mkubwa, akajitokeza. Alisoma chuo kikuu, na hakumruhusu mtu asahau. Alieleza habari za masafa na mwingiliano hadi chai ikapoa. Hakuna aliyeelewa, huenda na yeye akiwamo. Akanunua kisanduku cha kuongeza mawimbi, akakipachika ngazini. Mtandao ukapanda, lakini hoi. Kisanduku kilipokea unyonge, kikagawa unyonge.

Tunu, mkewe, akachoka kusikiliza. Akashika simu, akazunguka chumba kwa chumba akitazama mawimbi yanaishia wapi. Yaliishia mlangoni mwa ukumbi wa wageni. Akachungulia dirishani. Ruta, kile chombo kinachorusha waifai, kwa kuwa ni kitu cha thamani, iliwekwa panapokaa vitu vya thamani: ndani ya kabati la vyombo, vioo vya kujitazamia nyuma yake, masinia ya shaba kila upande, na juu yake kitambaa cha kufuma.

"Mume wangu," akasema, "mmeifunika kama bibi harusi, halafu mnashangaa haitoki nje."

Lakini ukumbi ule hufunguliwa Idi kwa Idi, na ufunguo alikuwa nao Shangazi Arafa, dada wa marehemu mume wa Bi Kibibi. Kabati lilipangwa na mama yake Arafa. Tangu mama azikwe, masinia yalifutwa vumbi, hayakusogezwa. Arafa aliombwa, akakataa. Akaombwa tena, akakataa, akaenda zake kulala. Alasiri ya akika akaja mwenyewe na ufunguo. Akatoa sinia moja moja, akiliweka chini kama anayelaza mtoto. Ruta ikapandishwa juu ya kabati, haina kitambaa, haina aibu. Taa ya kisanduku cha ngazini ikageuka kijani.

Juu, simu ikaita. Bi Kibibi akamwona: mtoto wa kike, anapiga miayo, anakunja uso, anapiga chafya. Picha haikuganda. Akacheka huku analia, akasahau hata kumsalimu Nasra. Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda tangu siku ya kile kidole, yakashuka.

"Nywele zimeshanyolewa, mama," Nasra akasema. "Nani ananipa jina?"

Hamza akawahi: "Mama, ruta ya chini isingefika huku peke yake. Bila kisanduku changu ungekuwa bado unamtazama nesi."

"Kisanduku kilikuwapo siku zote hizi," Tunu akasema. "Kilikuonyesha nini, mama? Aliyeliona kosa ni mimi."

Arafa alisema polepole. "Wao walitafuta, Kibibi. Mimi nimevunja mpango wa mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Hapa nani mwingine amepoteza kitu?"

Bi Kibibi akawatazama wote watatu. Lile jina alilolitunza moyoni lilimfika ulimini. Akalimeza, maana alishaahidi. Nasra anasubiri, mtoto yuko macho, na mtandao leo hautampa mtu kisingizio cha kukatika.

Haya, nyinyi mliosikia yote: je, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?